Mshono na Ahadi: Historia ya Uunganishaji wa Picha za Wanyamapori, 1857–2018

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya kuunganisha picha zilizopigwa mbalimbali ili kuunda tukio moja la wanyamapori. Uchunguzi unaanzia enzi ya negativu za vioo katika karne ya 19 na kuishia katika zama za programu za kompyuta za kuhariri picha. Hoja kuu ni kwamba kuunganisha picha hakukuletwa na kompyuta, na wala si udanganyifu kwa asili yake. Kilichobadilika katika historia ni ahadi ambayo picha hutoa kwa mtazamaji, pamoja na watu wenye uwezo wa kuikagua ahadi hiyo. Kwa kulinganisha picha ya swala wa Tibet ya mwaka 2006 na picha ya bwawa la Serengeti ya mwaka 2015, makala inaonesha kwamba mbinu ileile inaweza kuzaa kashfa au kuzaa kazi ya kuheshimiwa. Inaonesha pia kwamba picha ya uongo huweza kuudhuru hata ukweli unaofanana nayo.

1.0 Utangulizi

Picha ya mnyamapori husomwa kama ushahidi. Mtazamaji anapoona kundi la swala likikimbia chini ya daraja la reli, haangalii uzuri wa mistari na rangi pekee. Husoma pia dai kwamba siku fulani, mahali fulani, wanyama hao walipita hapo huku treni ikipita juu yao. Dai hilo lina uzito kuliko lile la picha ya tangazo la sabuni, kwa sababu mara nyingi hutumika kuamua mambo makubwa: reli ipite wapi, hifadhi ilindwe vipi, na spishi ipi ihesabiwe kuwa iko salama.

Mijadala mingi kuhusu jambo hili huanza na kompyuta. Husemwa kwamba zamani kamera haikusema uongo, na kwamba programu za kuhariri picha ndizo zilizoiharibu. Maelezo hayo ni mepesi, lakini historia haiyakubali. Makala hii inatumia istilahi mbili kuyapinga. Ya kwanza ni mshono, yaani mahali ambapo picha mbili zimekutanishwa. Ya pili ni ahadi, yaani kile ambacho mpiga picha, mhariri au maelezo yaliyo chini ya picha humwambia mtazamaji kuhusu namna picha ilivyopatikana.

2.0 Mizizi: negativu za vioo na hati za porini

Katikati ya karne ya 19, wapiga picha wa Ulaya waliunganisha picha kwa sababu za kiufundi kabla ya sababu nyingine. Kemikali za vioo vya wakati huo ziliitikia mno mwanga wa buluu. Aliyepima mwanga wa kutosha kwa ardhi alipata anga nyeupe tupu. Aliyepima kwa ajili ya anga alipata ardhi nyeusi. Gustave Le Gray wa Ufaransa, katika picha zake za bahari za miaka ya 1856 na 1857, alitatua tatizo hilo katika baadhi ya kazi kwa kutumia negativu mbili, moja ya bahari na nyingine ya mawingu. Kwa hiyo mshono ulitumika kurudisha kile ambacho jicho lilikiona na kioo kikashindwa kukishika.

Wengine walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1857 Oscar Rejlander, Msweden aliyeishi Uingereza, alionesha mjini Manchester picha ya fumbo la maadili iliyounganishwa kutoka negativu zaidi ya 30. Malkia Victoria alinunua nakala yake. Mwaka uliofuata Henry Peach Robinson alitoa picha ya msichana anayekata roho akiwa na jamaa zake, iliyotokana na negativu 5. Picha ya Robinson ilizua manung'uniko: watazamaji waliona si adabu kuingiza kamera katika chumba cha mauti. Manung'uniko hayo yana funzo. Watu hao hawakuudhika kwa sababu tukio lilikuwa la kutungwa. Waliudhika kwa sababu waliliona kana kwamba ni la kweli. Tayari kulikuwa na pengo kati ya mpiga picha aliyejiona mchoraji na mtazamaji aliyeiona picha kuwa shahidi.

Upigaji picha za wanyamapori ulichagua upande wa shahidi tangu mapema, na sehemu ya uchaguzi huo ulifanyika Afrika Mashariki. Carl Georg Schillings, Mjerumani aliyesafiri katika eneo ambalo leo ni Tanzania, alipiga picha za wanyama usiku kwa kutumia mmweko wa unga wa magnesi. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1905 kilitangaza katika ukurasa wa jina kwamba picha zilichapwa kwa uaminifu wa hati. Tangazo hilo lilitarajia shaka ya msomaji na kuijibu mapema. Schillings alikuwa pia mwindaji, na kabla yake mwindaji alithibitisha safari yake kwa pembe na ngozi. Picha ilipoanza kuchukua nafasi ya pembe, ilirithi pia wajibu wake: kuthibitisha kwamba mnyama na binadamu walikutana kweli.

3.0 Kutoka chumba cha giza hadi kompyuta

Kwa miongo mingi, kuunganisha picha kulihitaji chumba cha giza, mkono mwepesi na saa nyingi za kazi. Gharama hiyo ilikuwa kizuizi cha kimya: ni wachache waliojaribu, na wachache zaidi waliofaulu kuuficha mshono.

Kizuizi hicho kilianza kuporomoka kabla ya kompyuta kufika majumbani. Katika toleo la Februari 1982, jarida la National Geographic lilitaka kuweka katika jalada lake la wima picha ya mlalo ya mapiramidi ya Giza, yenye wapanda ngamia mbele yake. Kwa mitambo ya kidijiti ya uchapaji, mapiramidi mawili yalisogezwa yakaribiane. Hakuna kilichoongezwa wala kuondolewa. Mhariri alitetea uamuzi huo kwa hoja kwamba ilikuwa kana kwamba mpiga picha amesogea hatua chache pembeni. Utetezi huo haukuwaridhisha wengi, kwa kuwa mpiga picha hakusogea. Jarida liliendelea kutajwa kila mjadala wa maadili ya picha ulipozuka, jambo linaloonesha kwamba kadiri ahadi ya chombo inavyokuwa kubwa, ndivyo hata mshono mdogo unavyokigharimu.

Februari 1990 kampuni ya Adobe ilitoa toleo la kwanza la Photoshop, programu iliyoandikwa na ndugu wawili, Thomas na John Knoll. Toleo hilo lilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa kwa mwenye kuunganisha picha: kipande kilichobandikwa kilipoachwa kiliyeyuka ndani ya picha ya chini, na hakikuweza kuinuliwa tena. Toleo la tatu la mwaka 1994 lilileta matabaka. Tangu hapo kila kipande kilikaa juu ya tabaka lake kama karatasi ya kuonea, na kiliweza kusogezwa, kupunguzwa, kutiwa giza au kufutwa bila kuwagusa jirani zake. Kihistoria, badiliko hili lilikuwa na athari kubwa kuliko kuzaliwa kwa programu yenyewe. Uunganishaji uliacha kuwa tendo la mara moja lisilo na marejeo, ukawa mazungumzo marefu ambamo kosa lolote linasahihishika.

Kazi yenyewe inahitaji kuelezwa, kwa kuwa ndani yake ndimo njia za ukaguzi zilimojificha. Anayetaka kumweka simba wa picha moja katika nyika ya picha nyingine huanza kwa kumzungushia mpaka na kumtenga. Manyoya ya shingo ndiyo yanayomsumbua zaidi, kwa sababu ukingo wake si mstari bali ni maelfu ya nyuzi zinazopitisha mwanga wa mandhari ya zamani. Kisha humpa mnyama ukubwa unaolingana na umbali wake kutoka kwenye kamera. Hukagua kama picha zote mbili zilipigwa kwa kimo kimoja, maana upeo wa macho ukitofautiana mnyama huonekana kuelea. Hulinganisha mwelekeo wa jua, ukali wa kivuli, rangi ya mwanga wa asubuhi au adhuhuri, ukungu wa masafa, na hata chembechembe za picha. Mwisho huchora kivuli chini ya nyayo na kuyaleta majani machache mbele ya kwato, ili mnyama asimame ndani ya nyasi badala ya kusimama juu yake.

Orodha hiyo ni ya fundi, lakini pia ni ya mkaguzi: kila hatua iliyosahauliwa huacha mshono wa macho. Hata hivyo, kuna mshono wa pili ambao programu haiwezi kuufuta, kwa kuwa haumo katika picha bali katika maisha ya mnyama. Msimu, umri, hali ya manyoya na mwenendo wa kundi vyote hueleza mahali na wakati. Huu waweza kuitwa mshono wa kibiolojia, na sehemu zinazofuata zinaonesha kwamba mara nyingi ndio uliowafichua waliodhani wamefaulu.

4.0 Kitabu cha Migrations na mgawanyiko wa maoni

Mwaka huohuo wa 1994 mpiga picha Mmarekani Art Wolfe alichapisha kitabu Migrations, kuhusu makundi ya wanyama na ruwaza zake. Takriban theluthi moja ya picha zilikuwa zimebadilishwa kwa kompyuta: mapengo katika kundi yalizibwa kwa wanyama wa kunakiliwa, hata punda milia mmoja akaonekana zaidi ya mara moja katika fremu. Utangulizi wa kitabu ulikiri matumizi ya mbinu hiyo. Wolfe alikieleza kuwa kitabu cha sanaa, kilichokusudia kuonesha ruwaza na si kutoa takwimu za makundi.

Hata hivyo ukosoaji ulikuwa mkali, na ulifikia wasomaji wa kawaida kupitia makala ndefu ya Kenneth Brower katika jarida la The Atlantic mwaka 1998. Mgogoro huo ulibainisha tatizo jipya la mahali pa kukiri. Ungamo la jumla katika utangulizi halimwambii msomaji ni picha ipi iliyobadilishwa. Aidha, picha hutengana na kitabu chake. Hukatwa, hunakiliwa na kusafiri peke yake, na ungamo hubaki nyuma. Mwanafunzi anayetumia picha kukadiria ukaribu wa punda milia katika kundi atakuwa anahesabu nakala za mnyama mmoja bila kujua.

Hatari ya picha kusafiri bila maelezo yake ilidhihirika mwaka 2001, wakati picha ya papa mkubwa akirukia askari aliyening'inia kwenye ngazi ya helikopta ilipoenea duniani kwa barua pepe. Helikopta ilitoka katika picha ya jeshi la anga la Marekani iliyopigwa San Francisco, na papa katika picha iliyopigwa Afrika Kusini. Waliopiga picha hizo mbili hawakudanganya. Uongo ulikaa katika mshono, na zaidi katika maneno yaliyoambatana nao, yaliyodai kwamba hiyo ilikuwa picha bora ya mwaka ya National Geographic. Aliyeunganisha hakutosheka na picha. Aliazima ahadi ya chombo kinachoaminika.

5.0 Swala wa Tibet, 2006–2008

Tarehe 1 Julai 2006 China ilifungua sehemu ya reli kati ya Golmud na Lhasa, yenye urefu wa kilomita 1,142. Njia hiyo inapita katika uwanda wa Kekexili, makao ya swala wa Tibet, mnyama aliyekuwa amepungua vibaya kutokana na ujangili wa sufi yake laini iitwayo shahtoosh. Kila kiangazi majike wenye mimba husafiri kwenda kuzalia mbali, na reli iliikata safari hiyo. Wajenzi waliweka vivuko 33 vya wanyamapori. Swali lililobaki lilikuwa zito: je, wanyama wangevitumia?

Picha ya Liu Weiqiang, mpiga picha wa gazeti la mji wa Daqing, ilionekana kulijibu. Treni inapita juu ya daraja. Chini yake kundi la swala linakimbia kwa mpangilio katika uwanda wazi. Picha ilisambazwa sana, na televisheni ya taifa, CCTV, iliiingiza katika orodha ya picha 10 bora za habari za mwaka 2006. Haikuwa picha nzuri tu, bali hitimisho la mjadala: maendeleo na uhifadhi vimepatana, na ushahidi ndio huu.

Februari 2008 wapenzi wa picha nchini China waliukagua ushahidi huo. Mmoja aliona mstari mwembamba karibu na ukingo wa chini, mahali ambapo sehemu mbili zilikutana. Wengine waliuliza swali la mwenendo: swala wa Tibet ni waoga mno, inawezekanaje treni ipite kwa kishindo bila kundi kutawanyika? Mishono yote miwili, wa macho na wa kibiolojia, ilifunguka kwa pamoja. Liu alikiri kwamba treni na swala walitoka katika picha tofauti. Aliacha kazi, mhariri mkuu wa gazeti lake alijiuzulu, shirika la habari la Xinhua liliomba radhi, na tuzo ikafutwa.

Mwaka huohuo watafiti wa China waliandika katika jarida la Nature kwamba wanyamapori wa Tibet walikuwa wakizidi kuizoea reli. Maana yake, kiini cha dai la picha kilikuwa na msingi: swala walivitumia vivuko. Mtu angeweza kusema, basi, kwamba Liu alichora ukweli kabla ya kuushuhudia. Utetezi huo haufai, na sababu yake ni ya kihistoria kuliko ya kimaadili. Baada ya kashfa, kila picha ya kweli ya swala chini ya daraja ililazimika kujitetea kwanza kabla ya kusikilizwa. Waliopinga reli walipata hoja ambayo hawakuhitaji kuitafuta. Kazi ya subira ya watafiti, waliohesabu wanyama kivuko kwa kivuko, ilitiwa kivuli na saa chache za matabaka. Njia ya mwongo ni fupi, wasemavyo wahenga, lakini katika tukio hili waliofikia mwisho wake pamoja na mwongo walikuwa pia wakweli.

Tukio la Sweden la mwaka 2011 lilithibitisha nafasi ya mshono wa kibiolojia. Terje Hellesö, aliyetangazwa mpiga picha wa mazingira wa mwaka 2010 na mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo, alijulikana kwa picha za linksi, paka wa misituni mwenye vishungi vya masikio kama simbamangu. Katika picha iliyodaiwa kupigwa Julai, mnyama alikuwa na manyoya ya majira ya baridi. Mwanga ulilingana na ukingo ulikuwa safi, lakini kalenda iliyo katika ngozi ya mnyama ilikataa. Ilibainika kwamba alibandika linksi wa picha nyingine katika mandhari zake, na heshima aliyopewa iliondolewa.

6.0 Bwawa la Serengeti, 2015

Mwaka 2015 Stephen Wilkes, mpiga picha Mmarekani, alijificha katika kibanda kilichoinuliwa zaidi ya mita 5 juu ya ardhi kando ya bwawa la maji katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kulikuwa na ukame, na wanyama wa aina nyingi walifika kunywa. Kwa muda wa saa 26, bila kuisogeza kamera, alipiga picha takriban 2,200. Baadaye aliteua sehemu ndogo ya picha hizo na kuziunganisha kwa kompyuta katika fremu moja, ambayo inasafiri kutoka mchana hadi usiku. Kazi hiyo ilichapishwa na National Geographic mwaka 2016.

Kwa kipimo cha mshono pekee, kazi ya Wilkes imevuka ile ya Liu kwa mbali: Liu aliunganisha picha chache, Wilkes makumi. Wanyama wanaoonekana pamoja bwawani hawakuwa wote hapo kwa wakati mmoja. Hata hivyo haikuzuka kashfa, kwa sababu tatu. Kwanza, mbinu ilitangazwa pamoja na picha, na jina la mfululizo wenyewe, Kutoka Mchana hadi Usiku, hulitamka jambo hilo. Pili, mahali ni pamoja na kamera haikuhama. Kilichokunjwa ni wakati, na mtazamaji anaonywa kwa kuliona jua na giza katika anga moja. Tatu, kila mnyama alikuja kweli kwenye bwawa hilo ndani ya saa hizo. Picha haidai kwamba tembo na pundamilia walikutana kwa dakika ileile. Inadai kwamba wote walilihitaji bwawa hilohilo. Dai hilo ni la kweli, na huenda picha ya kawaida isingeweza kulionesha.

Hapa uunganishaji unarudi kwenye kazi yake ya awali katika bahari za Le Gray: kuonesha kile ambacho fremu moja haiwezi kukibeba.

7.0 Kanuni mpya na mipaka yake

Kashfa hizo ziliwafanya waandaaji wa mashindano watafute ulinzi. Shindano la Wildlife Photographer of the Year, linaloendeshwa na Makumbusho ya Historia Asilia ya London, linakataza kuongeza au kuondoa vitu katika picha, na huwadai wanaofika hatua za mwisho faili ghafi la kamera. Faili hilo huonesha fremu jinsi ilivyonaswa, na kwa hiyo huufichua mshono wa kompyuta.

Lakini kanuni hiyo ina mpaka. Januari 2010 mshindi mkuu wa mwaka 2009, picha ya mbwamwitu akiruka lango usiku, aliondolewa baada ya majaji kuamini kwamba mnyama alikuwa wa kufugwa. Aprili 2018 picha nyingine iliyoshinda kundi lake, ya mla-mchwa kando ya kichuguu kinachong'aa usiku nchini Brazil, iliondolewa baada ya wataalamu kuhitimisha kwamba mnyama alikuwa wa kukaushwa. Mpiga picha alikanusha. Katika matukio yote mawili tatizo halikuwa la kompyuta. Mshono ulikuwa umehamia mbele ya lenzi, na tukio liliunganishwa kabla ya kamera kufunguliwa. Na waliobaini tena walikuwa watu waliowajua wanyama: jinsi mbwamwitu wa porini anavyopita uzio, jinsi manyoya ya mla-mchwa yanavyokaa.

8.0 Hitimisho

Historia iliyojadiliwa inaonesha mambo matatu. Kwanza, uunganishaji wa picha ni mkongwe karibu sawa na upigaji picha wenyewe. Kompyuta iliondoa gharama yake. Pili, uhalali wa picha ya kuunganishwa hutokana na ahadi inayoambatana nayo, na ahadi hiyo inapaswa kukaa karibu na picha kiasi cha kusafiri nayo. Tatu, mkaguzi thabiti wa picha za wanyamapori ni mtu mwenye elimu ya mnyama, kwa sababu mshono wa kibiolojia haufutwi na tabaka lolote.

Suala hili si la mbali kwa Afrika Mashariki. Reli ya kisasa ya Kenya inapita Tsavo ikiwa na vivuko vya chini vilivyokusudiwa tembo, na ndani ya Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi inapita juu ya daraja la takriban kilomita 6. Swali lililoulizwa Kekexili linaulizwa hapo pia: je, wanyama wanapita? Picha zitaendelea kutolewa kama jibu, na pande zote zitazihitaji. Jibu litakaloaminika ni lile ambalo mpiga picha ameeleza alisimama wapi, lini, na ni fremu ngapi zimo ndani yake, na ambalo askari wa wanyamapori anayelijua kundi hilo ameliangalia bila kutilia shaka.